Nani Aliyezirefusha Riwaya za Fantasia?

Msomaji wa riwaya za fantasia, zile za falme za kubuni, uchawi na vita vya kuamua hatima ya ulimwengu mzima, hulaumiwa sana akiwa mchaguzi. Huambiwa hana subira, au kwamba amesoma mno hadi ladha imemtoka. Lakini tazameni anachokutana nacho. Anafungua kitabu kipya na kumkuta kijana wa shambani asiyejua wazazi wake wa kweli, mzee mwenye fimbo na siri, upanga uliopotea, na giza linalojikusanya mpakani. Ukurasa wa mwisho unamwarifu kwamba hii ni juzuu ya kwanza tu. Anakifunga, anachukua kingine, na mambo ni yaleyale. Hoja yangu ni kwamba msomaji huyu ana haki ya kukataa. Urefu wa mifululizo hii, na kufanana kwake, havikutoka katika asili ya sanaa yenyewe. Vilitoka katika biashara ya vitabu ya Uingereza na Marekani, katika miaka inayojulikana na kwa sababu zinazojulikana: bei ya karatasi, kitabu cha jalada jepesi, na nafasi kwenye rafu ya duka. Anayeijua historia hiyo anaweza kuchagua vizuri kuliko anayefuata orodha za vitabu vinavyouzwa sana.

Tuanze kabla ya biashara hiyo kuwa na jina. William Morris, mshairi na fundi aliyeanzisha kiwanda chake cha uchapaji cha Kelmscott mwaka 1891, alitoa The Wood Beyond the World mwaka 1894 na The Well at the World's End mwaka 1896. Lord Dunsany alitoa The Gods of Pegāna mwaka 1905, kitabu chembamba cha miungu aliyoibuni mwenyewe, kisha The King of Elfland's Daughter mwaka 1924. E. R. Eddison alitoa The Worm Ouroboros mwaka 1922. Hope Mirrlees alitoa Lud-in-the-Mist mwaka 1926, na shujaa wake si kijana wala hana upanga: ni meya wa mji wa wafanyabiashara, mtu wa makamo, mwoga kidogo, anayelazimika kushughulikia matunda ya kichawi yanayoingizwa mjini kwa magendo. Vitabu hivi havifanani hata kidogo. Kimoja kinaimba kama hekaya za kale, kingine kinapiga tarumbeta za vita, kingine kinacheka na mara kinatisha. Hakuna mwandishi kati ya hao aliyefikiri kwamba kuna kanuni ya kufuata, maana hakukuwa na rafu dukani iliyoandikwa jina la aina hiyo ya riwaya. Kila mmoja alijitafutia umbo la hadithi yake, na hadithi ilipoisha, kitabu kiliisha.

Kisha akaja J. R. R. Tolkien, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Husemwa kwamba Tolkien ndiye aliyeweka desturi ya juzuu tatu. Ukweli ni kwamba yeye aliiandika The Lord of the Rings kama kitabu kimoja, chenye sehemu sita ndani yake, na alitamani hata kitoke pamoja na The Silmarillion, mkusanyo wa hekaya za ulimwengu wake. Lakini Uingereza ilikuwa bado inajikongoja baada ya vita, na karatasi ilikuwa ghali. Kitabu kimoja kikubwa kiasi hicho kingekuwa na bei ambayo wasomaji wachache tu wangeimudu. Kampuni ya Allen & Unwin, iliyokuwa imechapisha The Hobbit mwaka 1937, iliamua kukigawa. Juzuu mbili za kwanza zilitoka mwaka 1954, ya tatu ikafuata Oktoba 1955. Hata mkataba unaonyesha jinsi wachapishaji walivyokuwa na wasiwasi: badala ya kulipwa mrabaha wa kawaida, Tolkien alikubali kugawana faida na kampuni baada ya gharama kurudi, kwa kuwa wenyewe walihofia hasara. Kwa hiyo umbo ambalo leo linachukuliwa kuwa sheria ya fantasia, yaani juzuu tatu zenye hadithi moja, lilitokana na hesabu za mhasibu. Tolkien mwenyewe aliendelea kusisitiza maisha yake yote kwamba kile ni kitabu kimoja.

Kwa miaka kumi kitabu hicho kiliuzwa kwa jalada gumu, kwa wasomaji waliokijua. Mwaka 1965 mambo yakabadilika. Donald Wollheim, mhariri wa kampuni ya Ace ya Marekani, alishikilia kwamba hakimiliki ya kitabu hicho haikulindwa nchini humo, kwa sababu mchapishaji wa Marekani alikuwa ameingiza nakala nyingi mno zilizochapwa Uingereza. Akakitoa kwa jalada jepesi, senti 75 kwa juzuu, bila idhini ya mwandishi. Tolkien alikasirika, akafanya marekebisho ya haraka, na kampuni ya Ballantine ikatoa toleo lenye idhini kwa senti 95, likiwa na tamko lake mgongoni mwa kitabu la kuwasihi wasomaji wanunue hilo na si jingine. Baadaye Ace walikubali kumlipa na kuacha kukichapa tena. Ila ugomvi ule ulikitangaza kitabu kuliko tangazo lolote la kulipia, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wakakibeba mikononi. Ghafla wachapishaji wakatambua kwamba kuna umati unaotaka kitabu kingine cha namna hiyo, na kitabu kingine cha namna hiyo hakipo.

Jibu la kwanza la biashara kwa njaa hiyo lilikuwa la heshima kubwa, na ningependa lijulikane zaidi. Ballantine hawakukimbilia kuagiza mwigo. Kuanzia mwaka 1969 walimpa Lin Carter, mwandishi na msomaji mwenye kumbukumbu ya ajabu, kazi ya kuchimbua vilivyosahauliwa. Mfululizo wake wa vitabu vyenye alama ya kichwa cha farasi mwenye pembe moja ulifikia juzuu 65 kabla ya kukoma mwaka 1974. Huo haukuwa mfululizo wa hadithi moja: ulikuwa maktaba. Humo walirudi Morris, Dunsany na wengi wengine. Lud-in-the-Mist kilichapwa upya mwaka 1970 bila idhini ya Mirrlees, aliyekuwa bado hai na hata hakuulizwa. Hilo lilikuwa kosa, na halisafishwi na wema wa kazi nzima. Lakini fikirini maana yake kwa msomaji mchaguzi. Kwa miaka mitano hivi, duka la kawaida la Marekani liliuza kwa bei nafuu fantasia za kila umbo, nyingi zikiwa kitabu kimoja kimoja, nyingi zikiwa hazina mzee mwenye fimbo wala mfalme wa giza. Mlango ulikuwa wazi. Kilichoufunga ni hesabu: vingi kati ya vitabu hivyo havikuuzwa vya kutosha, na mwaka 1973 Ballantine ikanunuliwa na kampuni kubwa ya Random House.

Waliofuata walikuwa Judy-Lynn del Rey na mumewe Lester, waliopewa uongozi wa sehemu hiyo, na mwaka 1977 jina lao likawa nembo: Del Rey Books. Lester del Rey alikuwa na wazo tofauti kabisa na la Carter. Aliamini kwamba umati uliompenda Tolkien hautaki maktaba ya mambo mageni. Unataka kuipata tena furaha ileile. Akapata muswada wa Terry Brooks, aliyeanza kuuandika akiwa mwanafunzi wa sheria, akamfanya auandike upya, na mwaka huohuo wa 1977 The Sword of Shannara ikatoka. Hadithi yake ilifuata nyayo za Tolkien karibu hatua kwa hatua, na hilo halikufichwa. Iliingia katika orodha ya New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana vya jalada jepesi. Wakati huohuo Del Rey waliikubali pia kazi ya Stephen Donaldson, chungu na yenye shujaa asiyependeka, ambayo wachapishaji wengi walikuwa wameikataa. Kwa hiyo si haki kusema kwamba walijua kuuza mwigo tu. Hata hivyo somo ambalo biashara nzima ililichukua mwaka ule lilikuwa la Shannara: kwamba kuna ramani ya hadithi, na ramani hiyo inauzika.

Baada ya hapo historia inakwenda kwa kasi. David Eddings alieleza mwenyewe jinsi alivyoiona The Lord of the Rings dukani, akashangaa jinsi ilivyochapwa tena na tena, akatambua riziki ilipo. Hadithi yake The Belgariad aliipanga iwe vitabu vitatu. Lakini maduka yenye matawi mengi, yaliyokuwa yameenea katika vituo vya biashara vya miji ya Marekani, yalikuwa na mipaka yao kuhusu ukubwa wa vitabu vya aina hiyo, na kwa ushauri wa Lester del Rey vitatu vikawa vitano, vilivyotoka kati ya 1982 na 1984. Tazameni ulinganifu huo: Tolkien aliandika kimoja kikawa vitatu kwa sababu ya karatasi, Eddings alipanga vitatu vikawa vitano kwa sababu ya rafu. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo mtu aliiuliza hadithi inataka kuwa na urefu gani. Kisha duka lenyewe likageuka kuwa mshauri wa mwandishi. Jina linalojulikana na namba ya juzuu vinauzika kirahisi kuliko jina jipya, na kila juzuu mpya inaziuza upya zile za nyuma. Robert Jordan alitoa The Eye of the World mwaka 1990 akiwa na mkataba wa vitabu sita. Alifariki Septemba 2007 akiwa hajamaliza, na Brandon Sanderson akaikamilisha kazi kutokana na maelezo aliyoyaacha, ila kile kitabu kimoja cha mwisho kikawa vitatu, hadi jumla ikafika 14 mwaka 2013. George R. R. Martin alipanga vitabu vitatu alipoanza na A Game of Thrones mwaka 1996. Vimetoka vitano, cha tano mwaka 2011, na wasomaji waliokinunua cha kwanza wakiwa wanafunzi wa sekondari sasa wana watoto wa sekondari.

Hapa atasimama mtu aseme: urefu si jambo la wafanyabiashara, ni tabia ya utenzi tangu zamani. Pingamizi hili ni zito, na msomaji wa Kiswahili analijua kuliko wengi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,100. Utenzi wa Rasi 'lGhuli unapita beti 4,000. Humo mna majeshi, majini, safari za mbali na mashujaa wanaopigana siku nzima bila kuchoka. Nani atasema tungo hizo ni fupi? Lakini ndizo zinazothibitisha hoja. Zimerefuka kwa sababu kisa kinataka kusimuliwa hivyo mbele ya watu wanaosikiliza, na msikilizaji anajua tangu dua ya mwanzo kwamba mtunzi anaijua njia hadi mwisho, mpaka pale anapotaja jina lake na kuaga. Urefu peke yake haujawahi kuwa kasoro. Swali ni nani aliyeushika uzi wa kupimia. Hata katika fantasia ya sasa, Steven Erikson alipanga vitabu kumi, akaanza na Gardens of the Moon mwaka 1999, akamaliza cha kumi mwaka 2011. Ni mfululizo mgumu, wenye wahusika wengi kupita kiasi kwa maoni yangu, lakini ni mrefu kwa uamuzi wa mwandishi, na msomaji anaweza kulihisi hilo katika namna mambo madogo ya kitabu cha pili yanavyozaa matunda katika cha saba.

Pingamizi la pili ni kwamba wasomaji wenyewe walizitaka hadithi hizo, na walipata humo furaha ya kweli. Nakubali bila kusita. Kijana wa miaka 14 aliyemfuata Garion, shujaa wa Eddings, vitabu vitano hakudanganywa; alipewa marafiki. Na fedha za vitabu hivyo ziliwawezesha wachapishaji kujaribu waandishi wagumu zaidi. Ila kuna gharama ambayo haionekani kwenye hesabu za mauzo, nayo ni vile vitabu ambavyo ramani ile haikuwa na nafasi navyo. Ursula Le Guin alitoa A Wizard of Earthsea mwaka 1968 kwa mchapishaji mdogo wa California. Mchawi wake Ged ni mtu mwenye ngozi ya kahawia, na watu wengi wa visiwa vyake ni weusi au wekundu. Kwa miaka mingi wachora majalada walimfanya Ged mzungu, na Le Guin alilalamika hadharani. Biashara haikuuona utofauti uliokuwa ndani ya kitabu, kwa kuwa ilikwishaamua shujaa wa fantasia ana sura gani.

Mfano mchungu zaidi unatugusa moja kwa moja. Charles R. Saunders, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pennsylvania mwaka 1946 na kuhamia Kanada mwaka 1969, alipenda hadithi za mashujaa wa upanga lakini alichoshwa na jinsi zilivyowadhalilisha Waafrika. Akaibuni bara lake, akaliita kwa neno la Kiswahili: Nyumbani. Shujaa wake Imaro alilelewa na wafugaji wapiganaji wanaofanana na Wamasai. Lin Carter yuleyule alichagua hadithi yake moja kwa mkusanyo wa mwaka 1975, na Donald Wollheim yuleyule wa Ace, ambaye sasa alikuwa na kampuni yake ya DAW, akachapisha riwaya ya Imaro mwaka 1981. Na biashara ilifanya nini na kitu kipya kama hicho? Ikataka kumuuza kama Tarzan mweusi. Warithi wa mwandishi wa Tarzan wakatishia kwenda mahakamani, kitabu kikacheleweshwa ili jalada libadilishwe, na mwanzo wake dukani ukaharibika. Baada ya juzuu ya tatu mwaka 1985 kampuni ikamwacha. Saunders aliishi kwa kazi ya uandishi wa habari huko Halifax, akajitolea mwenyewe juzuu ya nne mwaka 2009, na alipofariki mwaka 2020 alizikwa kaburi lisilo na jina, hadi wasomaji na marafiki walipochanga fedha za kumwekea jiwe. Huku rafu za miaka ileile zikijaa vijana wa shambani na panga zao, mtu aliyeifikiria Afrika kama ulimwengu kamili wa fantasia aliambiwa hauziki.

Wapo watakaomkumbusha msomaji wetu kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hiyo ina ukweli mahali pake, lakini inamhusu anayechagua bila kujua anachokitafuta. Anayeijua historia hii anajua pa kuangalia. Ataangalia mwaka: kazi za kabla ya 1977 ziliandikwa kabla ramani haijachorwa, na zile 65 za Carter bado ni mahali pema pa kuanzia. Ataangalia kama hadithi ilikwisha, na kama ilikwisha pale mwandishi alipokusudia. Atawatafuta waliokaidi umbo la mfululizo. Guy Gavriel Kay, aliyemsaidia Christopher, mwana wa Tolkien, kuhariri The Silmarillion, angeweza kuishi kwa kuiga. Badala yake mwaka 1990 alitoa Tigana, hadithi nzima ya nchi iliyofutiwa jina, ndani ya kitabu kimoja. Ataangalia pia wachapishaji wadogo, kwa sababu hao hawabanwi sana na rafu ya duka kubwa. Sofia Samatar, binti wa mwanahistoria Msomali Said Samatar, aliandika A Stranger in Olondria alipokuwa akifundisha Sudan Kusini. Kilichapishwa na kampuni ndogo ya Small Beer mwaka 2013, kikashinda Tuzo ya Fantasia ya Dunia mwaka uliofuata. Ni safari ya mwana wa mfanyabiashara wa pilipili anayependa vitabu na kuandamwa na mzimu wa msichana asiyejua kusoma. Hakuna vita vya kuokoa ulimwengu ndani yake, na hakuna anayekimaliza akasema amepunjwa.

Dalili za miaka ya karibuni zinatia moyo, ingawa si za kushangilia mno. N. K. Jemisin alishinda Tuzo ya Hugo miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, kwa juzuu tatu ambazo kila moja ilikuwa na kazi yake katika hadithi, na alipofika ya tatu alisimama. Evan Winter, aliyekulia Zambia, alijichapishia mwenyewe The Rage of Dragons mwaka 2017 kabla kampuni kubwa haijamfuata. Njia za kumfikia msomaji zimeongezeka, na hivyo rafu ya duka haina tena nguvu ya kuamua peke yake kitabu kiwe kinene kiasi gani na shujaa wake awe na rangi gani.

Kwa hiyo usione haya kukirudisha kitabu kwenye rafu baada ya kurasa hamsini, wala usijilazimishe kununua juzuu ya sita kwa sababu tu ulinunua tano. Na kama hujui uanzie wapi, tafuta A Wizard of Earthsea. Ni kitabu kifupi, hadithi yake inaanza na kukamilika humohumo, na Le Guin aliporudi visiwani kwake miaka iliyofuata, alirudi kila mara akiwa na jambo jipya la kusema.